Koili Fupi na Swichi ya Pamba

Watu wa Bariadi wananicheka nikisema nimestaafu. "Mama Milembe, unastaafuje na mgongo bado unabeba mtoto?" Nawajibu kwamba mtu anastaafu kazi ikiisha, siyo akiota mvi. Yangu imeisha. Naandika haya kwa ajili yenu mnaobaki karakana, hasa ninyi wawili mlioingia juzi mkaniuliza kwa nini tunaweka koili ndefu namna ile wakati fupi inawaka haraka. Siku ile nilitupa koleo chini nikatoka nje. Nisameheni, hamkujua mmegusa wapi. Kaeni niwaeleze.

Mnajua kazi yetu: oveni za umeme za nyumbani, bati ndani, bati nje, pamba ya glasi katikati, rangi ya bluu. Vyote hivyo ni nguo tu. Oveni yenyewe ni koili, ule waya uliosokotwa unaowaka ndani, mmoja chini na mmoja juu. Ukikosea koili, umeuza kabati.

Nilifika pale nimevaa shati la shule kwa sababu ndilo lilikuwa zima. Nilikuwa na D ya fizikia, na kwa D ile nilijiona injinia. Bosi Nkwabi, mwenye karakana, alinitazama akanipa ufagio. Nilifagia mpaka mchana. Fundi wa koili, Maduhu, aliponiona nimefika kwenye meza yake nafagia huku nasoma alichokuwa anafanya, akanyoosha nondo nyembamba na waya.

"Sokota."

Nikasokota. Nikauvuta kama kamba ya kuanikia nguo. Alipouwekea umeme, sehemu moja ikawaka nyekundu kabisa na nyingine ikabaki nyeusi.

"Umetengeneza nini hiki?"

"Koili, fundi."

"Umetengeneza mnyoo. Ona, hapa ameshiba, hapa ana njaa. Hapa aliposhiba ndipo atakapokatika."

Ndivyo nilivyoanza. Maduhu alikuwa mtu wa maneno machache na matusi ya wastani. Alinifundisha kusokota mizunguko ikae karibu bila kubanana, kisha kuvuta polepole kutoka ncha zote mbili. Alinifundisha kupitisha waya kwenye vile vikombe vya kauri ili usiguse bati hata jiko likitikiswa kwenye bodaboda. Alinifundisha kwamba joto linakimbilia mlangoni, kwa hiyo koili ya chini lazima ipite mara mbili upande wa mlango, la sivyo mkate wa mbele utakuwa wa wagonjwa.

Na alinifundisha kipimo chake. Hakuamini jicho wala mkono. Alinyunyiza sembe kwenye sinia, safu nyembamba, akaliingiza kwenye oveni mpya na kufunga. Akilitoa, sinia lilikuwa limechora ramani: hapa rangi ya chai, hapa nyeupe, hapa nyeusi. Akisoma ile sembe, anajua azungushe waya wapi. Yuko mama mmoja wa keki pale mjini aliyetusumbua mwezi mzima, keki zinainuka upande mmoja kama zinataka kutoroka. Tulibadilisha koili, tukabadilisha vikombe, tukaisingizia hamira. Sembe ndiyo ikatuonyesha kwamba koili iko sawa, ila oveni yake imeegemezwa ukuta wenye tundu, na upepo unaingia ubavuni. Tuliziba tundu kwa udongo. Alitulipa kwa keki iliyonyooka. Hiyo mbinu ya sembe msiiache, hata akija mtu na mashine ya kupimia joto.

Sasa nifike kwenye uovu.

Mnajua pamba ikianza kununuliwa huku kwetu, majinari, vile viwanda vya kuichambua, yanawashwa, yanaunguruma usiku na mchana. Na mnajua umeme unavyokuwa. Taa zinakuwa za rangi ya machungwa, friji zinalia, na oveni zinakuwa kama zimefiwa. Mteja anakuja amekasirika: "Jiko lenu halioki! Mikate inakaa humo mpaka inaota ndevu!" Tatizo halikuwa jiko. Umeme ulikuwa mdogo, jinari limeunywa. Lakini mteja huwezi kumwambia akasubiri msimu wa pamba uishe.

Kwa hiyo pale karakana kulikuwa na dawa, niliikuta. Iliitwa "kata kidogo". Bosi anafungua mgongo wa oveni, anapima vidole kwenye koili, anakata kipande, anaunganisha. Koili ikiwa fupi, umeme unapita kwa wingi zaidi, inawaka hata huo umeme mdogo. Mteja anafurahi. "Wabeja sana, fundi!" Bosi anafuta mikono kama daktari.

Maduhu hakupenda. Alisema, "Nkwabi, waya mfupi unambebesha mtu mmoja mzigo wa wawili."

"Anabeba au habebi?"

"Anabeba."

"Basi mwache abebe."

Na kila mwaka majinari yakizimwa, umeme unarudi wenyewe, na oveni zinarudi kwetu koili zimekatika. Bosi anatikisa kichwa: "Waya wa siku hizi feki." Tunaweka mpya. Hakuna aliyekaa akaunganisha hayo mambo mawili, kwa sababu baina ya kukata na kukatika kulikuwa na msimu mzima, na sisi watu wa huku tunahesabu mambo kwa misimu. Kilichotokea kabla ya mavuno ni cha mwaka mwingine.

Nikapata mimba, nikajifungua Milembe, nikakaa nyumbani kwa mama yangu, kijijini Ngulyati, kunyonyesha. Mume wangu alikuwa mbali, kule Mkula, anafundisha. Miezi ilipopita nikarudi kazini mjini, mtoto nikamwachia mayu, bibi yake. Mayu alikuwa na oveni yetu ya bluu, nilimpelekea mwenyewe, anaoka mikate anauzia majirani. Sikujua kwamba nikiwa nje ya karakana kwenye semina ya siku chache, mayu aliona mikate haiivi, akaibebesha oveni kwa bodaboda mpaka karakana, na bosi akamfanyia hisani. Kata kidogo. Kwa heshima ya kuwa ni mama yangu, akakata na nyingine kidogo.

Nilikuja kujua asubuhi moja, majinari yamenyamaza tangu jana yake. Ninajua kwa sababu nilipofungua karakana taa iliwaka nyeupe mpaka nikafumba macho. Palikuwa na oveni ya mteja mezani, imekatwa msimuni, imeletwa kubadilishwa kitasa cha mlango tu. Nikaiwasha nione kama mlango unaziba.

Koili haikuwa nyekundu. Ilikuwa ya manjano, kama jua la saa nne. Nikamwita Maduhu. Tukasimama tunaangalia ule waya ukilegea katikati ya vikombe, taratibu, unaning'inia kama utumbo, mpaka ukakatika. Ncha moja ikaangukia ukutani mwa bati. Maduhu akachukua testa, ile bisibisi yenye taa ya kupimia umeme, akaigusisha nje, kwenye ile rangi nzuri ya bluu palipobanduka. Testa ikawaka.

Bati zima lilikuwa na umeme. Lile bati ambalo mama anafungua mlango kwa mkono mbichi wa unga.

"Zima," Maduhu akasema. Nikazima. Akauliza, "Ya mama yako alimkatia nani?"

"Ya mama yangu haijakatwa."

Maduhu akatazama sakafu, akaniita kwa jina langu. "Kabula. Nkwabi aliikata. Ulikuwa semina."

Nyumba ya mayu ina sakafu ya udongo. Waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme potofu ardhini, haukuwepo. Soketi yake ina tundu la tatu la mapambo tu. Na Milembe wakati ule alikuwa anajifunza kutembea, pekupeku, na mahali alipopenda kuegemea kuliko pote duniani ni ubavu wa ile oveni, kwa sababu una uvuguvugu.

Nikapiga simu. Namba unayopiga haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Nikapiga kwa jirani, mke wa mchunga ng'ombe, akapokea.

"Mwangaluka, mama Milembe!"

"Mwangaluka. Kimbia kwa mayu, mwambie asiguse oveni!"

"Ee? Niko shambani, mbali huku. Asiguse nini?"

Nikakata. Nikatoka bila kandambili moja. Bodaboda aliniambia, "Dada, barabara mbovu, tutaenda polepole." Nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Akaenda haraka. Njia nzima naona picha moja tu, mgongo wa mtoto wangu ukigusa bati la bluu.

Tulipofika nyumba ilikuwa kimya. Niliingia jikoni bila hodi.

Milembe amesimama pekupeku. Mgongo wake umeegemea oveni. Mkononi ana kipande cha michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, anakitafuna kwa jino lake la mbele, ananitazama mimi kama ndiye mgeni. Nikamnyakua, michembe ikaruka, akaanza kulia kwa hasira. Mayu akatoka uani na ungo wa dengu.

"Ng'wanone, umefiwa na nani?"

Nilikuwa nafuata kwa macho waya wa oveni, kutoka mgongoni mwake, chini, mpaka ukutani. Plagi ilikuwa imelala sakafuni. Kwenye soketi palikuwa na chaja, na mwisho wa chaja palikuwa na simu ya mayu, imezimwa.

"Mayu, kwa nini umezima simu?"

"Ikiwa imezimwa inashiba haraka. Nilikuwa nangoja ishibe, nichomeke jiko. Unga umeshaumuka, huo hapo."

Nikakaa chini palepale kwenye udongo na mtoto wangu anapiga makelele kifuani. Nilikuwa nimeilaani ile simu njia nzima. Nilicheka mpaka mayu akaniwekea mkono kwenye paji la uso kupima homa. Baadaye nikafungua oveni. Koili ya chini ilikuwa imeshakatika, labda jana yake jioni jiko likiwa linamalizia kupoa, na ncha imelala kwenye bati, imetulia, inangoja tu mtu achomeke plagi.

Sikuangua kilio siku ile. Kilikuja wiki iliyofuata, nikiwa nachambua mchele, bila sababu.

Oveni ya mayu niliipakia kwenye bodaboda ileile nikairudisha mjini. Karakana ilikuwa na wateja. Nikaiweka juu ya meza ya bosi, nikaichomeka, nikasimama mbali.

"Bosi, vua viatu."

"Nini?"

"Vua viatu, shuka hapa chini sakafuni, uweke mkono kwenye hili jiko."

"Kabula, una wazimu? Mbele za wateja?"

"Mbele za wateja ndiyo vizuri. Weka mkono. Ulilikata wewe kwa heshima ya mama yangu. Weka."

Maduhu akagusisha testa kwenye bati. Ikawaka. Mama mmoja mteja akasema, "Yesu wangu," akarudi nyuma akakanyaga ndoo ya rangi. Bosi hakuweka mkono.

"Kama wewe mtu mzima huwezi kuweka," nikamwambia, "mwanangu aweke?"

Nkwabi si mtu mbaya. Ni mtu wa kutaka mteja aondoke anatabasamu, na hiyo ndiyo aina ya ubaya inayochukua muda mrefu kuonekana. Alikaa kwenye kiti, akaangalia ile testa kwa muda. Kisha akauliza kitu cha maana kwa mara ya kwanza: "Ziko ngapi huko nje?"

Hakuna aliyejua. Tulikuwa tunakata kama watu wanavyochukua chumvi. Hapo Maduhu akasema kitu kimoja kilichotusaidia: zote ni za bluu, na watu wote wanakwenda mnadani. Siku ya mnada wa ng'ombe tukamwomba mtu wa kipaza sauti. Katikati ya kutangaza mafahali akatangaza: "Mwenye jiko la umeme la bluu alilokatiwa koili, asilichomeke! Alilete kwa Nkwabi, anatengenezewa bure!" Neno "bure" lilisikika vizuri kuliko mengine yote. Zikaja oveni. Zikaja za kijani. Bwana mmoja kutoka Zagayu alileta kabati la bluu la vyombo, akabishana nasi hadi mchana kwamba amesikia "bluu" kwa masikio yake. Tulimbadilishia bawaba, akaenda.

Lakini kurudisha koili ndefu hakukutosha, kwa sababu jinari lingerudi mwakani na mikate ingekataa kuiva tena, na mtu fulani na koleo lake angekuwa pale. Hapo ndipo mimi na Maduhu tulipokaa na ile D yangu ya fizikia. Nilimwambia, kama mtu mmoja hawezi mzigo, dawa siyo kumfupisha miguu. Tumwongezee mwenzake. Tukasokota koili ya pili nyembamba, ndefu kamili, yenye swichi yake pembeni. Umeme ukiwa mdogo, unawasha zote mbili, kila mmoja anabeba chake. Umeme ukirudi, unazima ya pili. Na hata ukisahau kuzima, hakuna waya unaozidiwa. Jiko litakuwa kali tu, mkate utaungua, utajilaumu, utaishi.

Jaribio la kwanza sembe ilitoka nyeusi katikati kama jicho la ng'ombe. La pili tulitenganisha koili mbili, moja ikapita mlangoni, nyingine nyuma. Sinia likatoka rangi moja ya chai toka ukingo mpaka ukingo. Maduhu akalibeba akalizungusha karakana nzima, mzee mzima, anawaonyesha watu unga ulioungua vizuri.

Wateja ndio walioipa jina, swichi ya pamba. Kwenye maonyesho ya mkoa bosi alisimama mbele ya watu akasema ni ubunifu wake. Nilikuwa nyuma yake nimebeba mtoto. Achukue. Ila ninyi mnaobaki mjue hivi: akitokea mtu yeyote, hata yeye, akafungua mgongo wa oveni na koleo na kusema "kata kidogo", mnyang'anyeni koleo. Msibishane naye. Mwambieni avue viatu.

Na ethi. Msitoe oveni bila kumuuliza mteja nondo yake ya ethi iko wapi. Kwa mayu niliichimbia mwenyewe nyuma ya nyumba, pale anapomwaga maji ya vyombo, kwa sababu ardhi kavu haipokei umeme. Nilimwambia kiangazi asiache pakauke. Amelichukua hilo kama agizo la kanisa. Anaimwagia kila jioni, na jirani akiuliza anasema, "Nainywesha nondo yangu." Jirani wa kwanza alifikiri ni mambo ya mizimu. Wa pili akaomba na yeye achimbiwe.

Nilijiapia nisiondoke mpaka nione msimu mmoja mzima unapita, majinari yawashwe na yazimwe, na pasirudi koili hata moja iliyoning'inia. Wengi wenu mlikuwepo. Majinari yalizimwa wiki iliyopita. Nilikaa karakana siku zilizofuata naangalia mlango kama mtu anayengoja polisi. Alikuja mtu wa pasi. Alikuja mtu wa feni. Oveni haikuja. Maduhu akaniambia, "Nenda zako, unanichosha na kuangalia mlango."

Kwa hiyo naenda. Naenda Mkula kwa mume wangu, nimechoka na ndoa ya kwenye simu.

Jana nilipita Ngulyati kuaga na kumchukua mtoto. Mayu alikuwa anaoka, mikate ya safari yetu. Taa ya jikoni ilikuwa inawaka nyeupe. Nikanyoosha mkono kwenye swichi ya pamba, mayu akanipiga kibao.

"Nimeshaizima tangu jinari linyamaze. Unadhani sisi huku hatusikii?"

"Na nondo?"

"Imekunywa."

Milembe akaingia kutoka uani, pekupeku, miguu imelowa. Akaenda moja kwa moja kwenye oveni, akageuka, akaegemeza mgongo kwenye lile bati la bluu, jiko linawaka, plagi iko ukutani. Mkono wangu ulishatoka kumvuta. Uliishia hewani. Akafumba macho, akajisugua kidogo kama ndama kwenye mti, akasema, "Joto."

Nikaurudisha mkono wangu, nikakaa, nikangoja mkate.